Nyumba za Kuchapwa kwa Udongo: Mambo ya Kujua Shanzu Kabla ya Kungoja Mashine

Chukulia familia moja ya Shanzu. Nyumba yao ni ya vyumba vinne, boriti na fito zilizokandikwa udongo, na juu ni mabati yaliyochukua mahali pa makuti. Ukuta unaopigwa na mvua ya kusi umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Mama mwenye nyumba ameweka pesa kidogo za kumwita fundi kabla ya masika. Jioni, kijana wake anamwonyesha video kwenye simu. Mkono wa chuma unazunguka, unamimina udongo kama kamba, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukuta unasimama.

"Mama, usimwite fundi. Siku hizi nyumba zachapwa kwa mashine, na kwa udongo kama huu wetu. Tungoje."

"Mwanangu, na mvua nayo itangoja?"

Katika wadi ya Shanzu, na kwingineko bara la Mombasa, wapo wakazi wengi wenye video kama hiyo kwenye simu na ufa kama huo ukutani. Somo hili linaeleza teknolojia yenyewe ni nini, imefika wapi hapa pwani, na ni lipi mkazi anaweza kulifanya leo kwa udongo alio nao.

Kuchapa nyumba ni nini?

Anayetaka kuielewa mashine hii amkumbuke mfinyanzi. Mfinyanzi huviringisha udongo uwe kama kamba, akauzungusha kwenye kitako cha chungu, kisha akaweka mviringo mwingine juu yake. Chungu hupanda kidogo kidogo. Printa ya nyumba hufanya kazi hiyo hiyo, ila mkono ni wa chuma na macho ni ya kompyuta.

Kwanza mchoro wa nyumba huingizwa kwenye kompyuta. Programu huukata mchoro huo kuwa matabaka membamba na kuamua njia ambayo mdomo wa printa utapita katika kila tabaka. Mchanganyiko hupigwa kwenye mashine, husukumwa na pampu kupitia mpira mnene, na hutokea mdomoni. Mdomo hufuata njia yake, ukimaliza mzunguko hupanda kidogo na kuanza mwingine. Hakuna mbao za kumwagia zege, wala fundi wa kupanga tofali moja moja.

Ugumu wa kazi uko katika mchanganyiko. Ukiwa mzito mno, unaziba mpira. Ukiwa mwepesi mno, tabaka la chini linabonyea likilemewa na la juu. Saruji hushika kwa nguvu ya kemikali ndani ya saa chache. Udongo mtupu haushiki namna hiyo. Hukauka tu, kwa jua na upepo, na ukikauka hupungua na kupasuka. Ndiyo maana udongo unaochapwa huchanganywa na nyuzi kama majani makavu yaliyokatwakatwa, na mara nyingine chokaa kidogo.

Kazi ya nyuzi hizo si ngeni kwa mjenzi wa pwani. Udongo hustahimili kubanwa lakini haustahimili kuvutwa, na fito ndani ya ukuta wa kukandika ndizo zinazoushikilia usiachane. Mzee aliyefunga fito kwa kamba alikuwa akitatua tatizo lile lile ambalo wahandisi wa printa wanalitatua leo.

Nyumba za udongo zilizochapwa kweli

Mfano unaojulikana zaidi uko Italia. Kampuni ya WASP, ambayo jina lake kwa Kiingereza ni nyigu, ilichukua wazo kwa nyigu anayejenga kiota cha tope. Mwaka 2018, mjini Massa Lombarda, kampuni hiyo ilichapa nyumba ndogo iliyoitwa Gaia, ya mita 30 za mraba. Robo ya mchanganyiko ilikuwa udongo uliochimbwa pale pale. Asilimia 40 ilikuwa majani ya mpunga yaliyokatwakatwa, asilimia 25 maganda ya mpunga, na asilimia 10 chokaa. Kuta zilichapwa kwa siku 10, na malighafi ya kuta hizo iligharimu yuro 900.

Mwaka 2021 kampuni hiyo, pamoja na msanifu majengo Mario Cucinella, ilimaliza nyumba nyingine iitwayo TECLA, ya mita 60 hivi za mraba. Mikono miwili ya printa ilifanya kazi kwa pamoja saa 200, ikaweka matabaka 350, kila moja unene wa milimita 12. Ukizidisha unapata mita 4.2, na hicho ndicho kimo cha nyumba hiyo.

Takwimu hizi ni za kweli na zinavutia, lakini zisomwe kwa makini. Yuro 900 ni za malighafi ya ukuta. Bei ya mashine haimo, wala mishahara ya wataalamu, msingi, milango, nyaya za umeme au mabomba ya maji. Majengo haya pia ni ya majaribio, yamejengwa moja moja ili watu wajifunze. Si mtaa wa nyumba ambao mtu anaweza kwenda kununua.

Na zile za Kilifi?

Wakazi wengi wa Shanzu wamesikia kwamba nyumba za kuchapwa zipo Kilifi, mwendo usiozidi saa chache kwa matatu baada ya kuvuka daraja la Mtwapa. Ni kweli. Mradi wa Mvule Gardens, uliopangwa kuwa na nyumba 52, ni wa kampuni ya 14Trees. Kampuni hiyo ilianzishwa na Holcim ya Uswisi pamoja na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza. Nyumba 10 za kwanza zilichapwa kwa wiki 10, kwa printa moja iliyotengenezwa Denmark. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kampuni hiyo ilichapa kuta za shule katika wilaya ya Salima nchini Malawi kwa saa 18.

Lakini nyumba za Kilifi hazikuchapwa kwa udongo. Zilichapwa kwa mchanganyiko wa saruji uliotengenezwa maalumu kwa printa. Tofauti hii ina uzito. Mtu akimwambia mkazi wa Shanzu, "Nipe amana, nitakuchapia nyumba ya udongo kama zile za Kilifi," mkazi huyo ana haki ya kumrudisha hapo hapo, kwa sababu anachotajiwa hakipo Kilifi.

Mradi wa Kilifi umethibitisha mambo mawili yenye faida kwetu. La kwanza ni kwamba printa inaweza kufanya kazi katika joto na unyevu wa pwani. La pili ni kwamba printa huchapa kuta tu. Msingi, paa, milango, madirisha, mabomba, nyaya na rangi vilibaki kazi ya mafundi. Saa 18 za Malawi ni za ukuta, na ukuta ni sehemu moja tu ya nyumba.

Adui wa udongo ni maji

Je, nyumba ya udongo inadumu? Jibu liko katika historia ya pwani na ya majirani zake ng'ambo ya bahari.

Katika bonde la Hadhramaut, Yemen, kulikotoka mababu wa familia nyingi za Mombasa, upo mji wa Shibam. Majumba yake ya matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua hufika ghorofa saba, na mengi yalianza kujengwa karne ya 16. Yamesimama kwa sababu wenyewe huyapaka upya, kizazi baada ya kizazi, na hupaka chokaa juu na chini, mahali maji yanapoanzia kuharibu. Pamoja na utunzaji huo, mafuriko ya Oktoba 2008 yaliyatia hasara.

Huku kwetu, magofu ya Jumba la Mtwana, kaskazini kidogo ya Mtwapa, na ya Gede karibu na Watamu yana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo bado zasimama baada ya karne kadhaa. Huko Gede watu wengi waliishi katika nyumba za udongo kuuzunguka mji wa mawe. Nyumba hizo hazionekani leo. Paa lilipoanguka na watu wakahama, mvua ilizirudisha ardhini.

Mifano hii yote inasema jambo moja. Udongo hudumu ukiwa na kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa lenye upenu mrefu wa kurusha maji mbali na ukuta. Viatu ni msingi wa mawe au zege ulioinuliwa juu ya ardhi, ili maji ya mvua yanayorukaruka yasiupige ukuta kwa chini. Printa haileti kofia wala viatu. Nyumba iliyochapwa vizuri bila hivyo viwili itaharibika kama nyumba ya fito iliyokandikwa ovyo.

Jua udongo wako

Karibu na ufuo wa Shanzu, chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe, na udongo unaofaa kwa ukuta hauko kila mahali. Kiwanja cha huku na cha kule vinaweza kutofautiana. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na mwenye mashine yoyote, mkazi aujue udongo wake. Majaribio mawili yafuatayo hayahitaji maabara.

Jaribio la chupa. Chukua chupa angavu yenye mdomo mpana. Chimba udongo chini ya tabaka la juu lenye mizizi na majani, ujaze chupa hadi theluthi moja, kisha ongeza maji karibu yajae. Tia chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu na uiache. Baada ya saa moja itikise tena, kisha iache siku nzima bila kuigusa. Mchanga utatua kwanza, juu yake udongo laini kama vumbi, na mwisho kabisa udongo wa mfinyanzi. Pima kila tabaka kwa rula. Udongo unaofaa kwa matofali ya kushindilia huwa na mchanga mwingi, zaidi ya nusu, na wa mfinyanzi kati ya asilimia 10 na 30 hivi. Wa mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka. Ukipungua sana, hautashikana.

Jaribio la sanduku. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana sentimita 4 na kina sentimita 4 kwa ndani. Lipake mafuta, lijaze udongo uliolowa kama tope zito, ubonyeze vizuri pembeni. Lianike juani siku 3, au kivulini siku 7. Udongo utapungua na kuacha pengo. Usukume wote upande mmoja, kisha pima pengo hilo. Likiwa chini ya milimita 12, kianzio cha kawaida ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 18 za udongo. Kadiri pengo linavyokua ndivyo saruji inavyoongezwa, hadi ndoo 1 kwa 12 likikaribia milimita 50. Likipita hapo, uchanganye udongo na mchanga na uanze jaribio upya.

Tahadhari mbili. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula ukuta na kutia nondo kutu. Usiutumie. Na mikoko ya Mtwapa Creek si kuni wala boriti za bure. Kuikata kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, na mikoko hiyo ndiyo inayozuia ardhi isiliwe na maji.

Teknolojia iliyo karibu zaidi

Kati ya ukuta wa kukandika na ukuta wa kuchapwa ipo njia ya tatu ambayo mkazi wa kawaida anaifikia zaidi, nayo ni tofali la udongo la kushindilia. Udongo mkavu kiasi huchanganywa na saruji kidogo, hutiwa kwenye mashine ya mkono au ya injini, na kubanwa kwa nguvu. Halichomwi, kwa hiyo halihitaji kuni. Aina nyingine huwa na meno na mashimo ya kufungana, hivyo fundi hutumia mota kidogo sana.

Mashine ya kwanza ya namna hii iliyoenea duniani, CINVA-Ram, ilibuniwa Colombia miaka ya 1950. Leo mashine zinazofuata wazo hilo hutengenezwa hapa Kenya pia, na nchi ina kiwango rasmi cha matofali hayo, KS 02-1070.

Kosa kubwa katika kazi hii ni haraka. Tofali likitoka kwenye mashine lisianikwe juani. Liwekwe kivulini, lifunikwe, linyunyiziwe maji kwa wiki moja, kisha likae hadi litimize siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Tofali lililoharakishwa huonekana zima siku ya kujengea, na humomonyoka mvua ya pili.

Kuna sababu nyingine ya kuutazama udongo kwa jicho jipya. Wakazi wa Shanzu ni majirani wa kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na wanajua uchimbaji wa matumbawe unaacha mashimo makubwa kiasi gani. Moja ya machimbo hayo lilipandwa miti kuanzia 1971, na leo ndilo Haller Park. Duniani kote utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Hakuna anayesema saruji iachwe. Msingi na lenta bado vinaihitaji. Lakini ukuta ambao ndoo 18 ni udongo na 1 ni saruji unapunguza matumizi yake, na unapunguza pia pesa zinazotoka mfukoni.

Mafundi watakosa kazi?

Hofu hii ina msingi. Printa moja yenye wahudumu wachache hufanya kazi ya kuta ambayo ingeajiri mafundi wa mawe na vibarua kadhaa. Asiyetaka kuachwa nyuma ana njia mbili. Anaweza kujifunza kazi ambazo printa haifanyi, kama misingi, paa, mabomba, umeme na plasta. Au anaweza kujifunza udongo wenyewe. Mashine haijui kama leo mchanganyiko umezidi maji kwa sababu usiku kulinyesha. Mtu aliyeukanda udongo kwa miaka 20 anajua kwa kuubinya tu. Popote printa hizi zitakapochapa kwa udongo wa mahali, mtu huyo atahitajika.

Sheria inasemaje?

Udongo au saruji, mashine au mkono, ujenzi ni ujenzi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kujenga anahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza. Michoro iandaliwe na wataalamu waliosajiliwa, na mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua mahali pa zile za 1968, zilianza kutumika 1 Machi 2025.

Anayeletewa teknolojia mpya aulize maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mchanganyiko una nini ndani yake? Jengo gani lililokamilika naweza kwenda kuliona, lililokwisha kupitia masika? Mhandisi gani aliyesajiliwa ametia sahihi? Bei hii ni ya ukuta peke yake au ya nyumba nzima? Mwenye kazi halali atajibu yote manne bila kukasirika.

Turudi kwa mama na kijana wake

Kijana hakudanganya. Nyumba za udongo huchapwa, na huenda siku moja mashine hiyo ikasimama Shanzu. Mama naye hakukosea, kwa maana mvua haingoji. Jioni hiyo hiyo wanaweza kukubaliana. Pesa zilizowekwa ziende kwa fundi. Ufa ufunguliwe, udongo uliolegea utolewe, pakandikwe upya kwa udongo uliochanganywa na nyuzi za makumbi yaliyokatwakatwa. Upenu urefushwe upande wa kusi, na chini ya ukuta pachimbwe mfereji wa kupeleka maji mbali. Kijana achukue chupa na rula, aupime udongo wa kiwanja chao na aandike majibu kwenye daftari. Siku wakipata uwezo wa kujenga upya, kwa tofali la kushindilia au kwa printa, daftari hilo litakuwa la kwanza kufunguliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakizungumzia nyumba kama hii.

Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni au barazani

1. Kwa nini si sahihi kusema nyumba za Mvule Gardens zimechapwa kwa udongo?
2. Ukuta wa TECLA una matabaka 350 ya milimita 12. Ukuta wa mita 3 ungehitaji matabaka mangapi ya unene huo?
3. Nyumba yenu, iwe ya udongo au ya mawe, ina kofia na viatu? Taja sehemu moja ya kurekebisha kabla ya masika.
4. Fanyeni jaribio la chupa kwa udongo wa viwanja viwili tofauti. Ni upi unaofaa zaidi kwa tofali, na kwa nini?